Misa Isiyo na Altare



Wapendwa wasomaji wa tafakari yetu ya kila juma, juma hili sina budi kubishana. Nabishana na waamini wema, wapenda muziki, wenye masikio yaliyofunzwa, ambao wameniletea hoja inayopendeza kusikika. Wanasema: Padre, muziki mtakatifu wa zama za Baroko, yaani ule wa tangu takribani mwaka 1600 hadi 1750, leo unaweza kusikika kama ulivyosikika siku ulipotungwa, kwa maana wako mafundi wanaoupiga kwa ala za zama zile na kuuimba kwa namna ya zama zile, na kazi yao imerekodiwa katika santuri ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzinunua. Basi kwa nini tusiufungulie katika vipaza sauti vya kanisa wakati wa Komunyo, na hasa katika Misa za mazishi na za ndoa, ili walau mara mojamoja tusikie Misa "halisi", badala ya kuvumilia kwaya ambayo sauti yake ya tatu haijapata kuingia kwa wakati tangu Pasaka?

Kuhusu sauti ya tatu sitabisha. Kuhusu neno "halisi" nitabisha hadi mwisho wa ukurasa huu.

Kwanza tuwape mafundi hao haki yao. Mwaka 1953 Nikolaus Harnoncourt, mkewe Alice na wenzao wachache walianzisha huko Vienna kikundi kiitwacho Concentus Musicus. Siku zile ilikuwa jambo la kawaida Misa ya Bach kuimbwa na kwaya kubwa mno, ikifuatana na okestra nzito, polepole, kana kwamba kila wimbo ni maandamano ya kumzika mfalme. Wao wakarudia fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, upinde mwepesi wa kale, filimbi za mbao, tarumbeta zisizo na vitufe. Wakasoma vitabu vya walimu wa muziki wa karne ya 17 na ya 18. Matokeo yake ni kwamba maneno yalianza kusikika. Neno la Mungu lililokuwa limezama katika mafuta ya sauti likaibuka juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Joshua Rifkin akaenda mbali zaidi, akairekodi Misa ya Bach katika B ndogo kwa mwimbaji mmoja tu kwa kila sauti, akidai kwamba Bach mwenyewe kwa kawaida hakuwa na zaidi. Wataalamu waligombana vikali juu ya jambo hilo, na mimi si mtaalamu. Nimeisikiliza rekodi hiyo, nami nakiri kwamba unaposikia mtu mmoja peke yake akiomba huruma, huruma inayoombwa ni yake kweli.

Hivyo sina chuki na mafundi hawa. Walikuja kulisafisha dirisha, na walilisafisha. Ugomvi wangu ni na wale wanaofikiri kwamba dirisha safi ndiyo nyumba.

Chukueni santuri yoyote ya Misa ya Baroko na kutazama mpangilio wake. Kwanza "Bwana utuhurumie". Baada ya sekunde chache za kimya, "Utukufu". Sekunde chache tena, "Nasadiki". Kisha "Mtakatifu", kisha "Mwanakondoo", na santuri imekwisha. Hakuna mtunzi wa zama zile aliyewahi kuisikia Misa yake kanisani namna hiyo. Baada ya "Utukufu" padre aliimba sala, Waraka ukasomwa, wimbo wa katikati ukaimbwa, Injili ikatangazwa, mara nyingi ikafuata hotuba, na ndipo "Nasadiki" ikaanza. Kati ya "Nasadiki" na "Mtakatifu" kulikuwa na matoleo, uvumba na utangulizi wa Sala ya Ekaristi. "Mtakatifu" ilitungwa fupi kwa sababu kengele ilikuwa inangojewa na watu walikuwa wanapiga magoti. Muziki ule ulikuwa na nafasi wazi ndani yake, na katika nafasi hizo ndimo Misa ilimokuwa. Santuri imeziondoa zote, ikavisukuma vipande vikagusana, halafu kijitabu chake kinatuambia kwa fahari kwamba sauti ya A imewekwa kwenye mitetemo 415 kwa sekunde kwa ajili ya uaminifu kwa historia. (Namba hiyo yenyewe, nasema kwa mabano, ni mapatano ya wapigaji wa siku hizi; zamani kila mji ulikuwa na kimo chake cha sauti.)

Hata hiyo Misa kuu ya Bach ambayo kila mtu huitaja ni mfano mbaya kwa wale wanaotafuta uhalisi. Alikuwa Mlutheri. Mwaka 1733 alimpelekea mtawala Mkatoliki wa Saxony, huko Dresden, "Bwana utuhurumie" na "Utukufu" tu. Sehemu nyingine alizikusanya na kuzimalizia katika miaka yake ya mwisho, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuisikia nzima. Sasa basi, mtu anirekodie kwa ala za kale kitu ambacho watu wa kale hawakukisikia, halafu anikemee kwa kupenda kinanda cha umeme!

Kuna jambo jingine, zito zaidi, ambalo wapenzi wa neno "halisi" hawapendi litajwe. Sehemu kubwa ya muziki wa makanisa ya Roma katika zama za Baroko iliimbwa, katika sauti za juu, na wanaume waliohasiwa wakiwa watoto ili sauti zao zisivunjike. Ni aibu ya Kanisa letu, na paroko anayeandika juu ya muziki mtakatifu bila kuitaja anaficha kitu. Wa mwisho wao mwenye jina, Alessandro Moreschi wa Kikanisa cha Sistina, aliishi muda wa kutosha kuirekodi sauti yake mwaka 1902 na tena 1904, huko Roma, mbele ya pembe ya gramofoni. Papa Leo XIII alikuwa amekwisha kuagiza kwamba wengine wasipokelewe tena, na mwaka 1903 Mtakatifu Pius X, katika hati yake ya muziki mtakatifu, alielekeza sauti za juu ziimbwe na watoto wa kiume. Rekodi za Moreschi zipo hadi leo. Zinakwaruza, zinatetemeka, zinahuzunisha. Kwa kipimo cha wenye santuri, hizo ndizo rekodi halisi kupita zote, maana koo lenyewe ni la kale. Je, yuko anayetaka uhalisi huo urudi? Hayupo, ashukuriwe Mungu. Mahali pa wale waliohasiwa wameimba wanawake, au wanaume wanaotumia sauti ya juu ya bandia. Na wanawake hao, katika makanisa mengi ya Kikatoliki ya wakati ule, wasingeruhusiwa kusimama katika kwaya. Mimi ambaye zaidi ya nusu ya kwaya yangu ni akina mama nafurahi kwamba wanaimba.

Lakini tazameni jambo hili linatufikisha wapi. Kama mafundi wanaweza kusema, na kusema kwa haki, kwamba jambo hili la kale tulirudishe na jambo hili tuliache, basi uhalisi wao ni uchaguzi. Wamechagua utumbo wa kondoo. Wamechagua upinde. Wameukataa ukatili, na wamefanya vema. Na sala je? Sala nayo imeachwa, na hakuna aliyetoa sababu. Haikuachwa kwa sababu ni mbaya kama kisu cha yule mpasuaji, bali kwa sababu haikuonekana kuwa sehemu ya muziki. Hapo ndipo ninaposema hapana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia namba 112, unafundisha kwamba muziki mtakatifu huwa mtakatifu zaidi kadiri unavyofungamana na tendo la liturujia. Utakatifu wake haumo katika nyuzi wala katika noti peke yake. Mtu akiuchomoa katika tendo lile ameondoa kitu kilicho kikubwa kuliko tarumbeta isiyo na vitufe.

Wako waliolitambua pengo hili, na haki inanitaka niwataje. Andrew Parrott, aliporekodi Masifu ya Jioni ya Monteverdi ya mwaka 1610 katika rekodi iliyotoka miaka ya 1980, aliirudishia zaburi mazingira ya antifona zake. Paul McCreesh mwaka 1990 alitoa rekodi ya Misa ya kutawazwa kwa mtawala wa Venezia mwaka 1595, mlangoni kabisa mwa zama za Baroko, yenye kengele, tarumbeta za maandamano, na hata sehemu za padre, ukiwamo utangulizi na "Baba Yetu". Ni kazi ya heshima na ya elimu kubwa. Nilipoisikiliza mara ya kwanza nilivutiwa mno, na papo hapo nikafadhaika, kwa sababu sauti ile iliyokuwa ikiinua utangulizi kwa ustadi ilikuwa ya mwimbaji aliyekodiwa, iliyoelekezwa kwenye kipaza sauti, bila mkate wala divai, bila mtu yeyote anayeitikia kwa kumaanisha. Hakuna kosa la dhambi katika hilo, wala hakuna aliyedanganywa. Lakini kadiri maigizo yanavyokaribia kufanana na Misa ndivyo ninavyoona wazi zaidi kile kisichokuwapo. Pengine ni ugonjwa wa mapadre.

Nimejibiwa hivi: "Padre, hata zamani watu walikwenda kanisani kusikiliza tu." Hoja hii ni nzuri nami siikwepi. Padre Antonio Vivaldi, aliyepata upadre mwaka 1703, aliwatungia wasichana wa makao ya Pietà huko Venezia, na wageni wa Ulaya nzima walifurika katika makanisa ya makao kama hayo ili kuwasikia waimbaji waliofichwa nyuma ya nondo za roshani. Wengi hawakwenda kusali. Ndiyo maana Papa Benedikto XIV, tarehe 19 Februari 1749, alipokuwa akijiandaa kwa Jubilei ya 1750, aliwaandikia maaskofu barua ndefu akilalamika kwamba muziki wa makanisa umeanza kunuka jukwaa la maigizo. Aliruhusu kinanda cha filimbi na fidla ndogo kwa kubwa, akakataza ngoma za okestra, tarumbeta, filimbi na ala nyingine alizoziona ni za tamthilia. Kwa hiyo ugonjwa ni wa kale, nakubali. Ila kule Venezia, mgeni mvivu alipokuwa akiinua shingo kuwatafuta wasichana nyuma ya nondo, hata hivyo padre alikuwa altareni na kikongwe mmoja alikuwa kwenye kona na rozari yake. Misa ilikuwapo, ukiitaka. Katika santuri haipo hata ukiitaka.

Na sasa nigeuke upande wetu, kwa sababu kuna mapadre watakaosoma hadi hapa na kutabasamu. Tusitabasamu upesi. Mafundi wasingelikuwa na cha kuokota kama sisi tusingelitupa. Mwaka 1926 Wasalesiani wa shule moja katika mkoa wa Piemonte, Italia, walikuwa na marundo ya vitabu vya muziki wasivyovihitaji, wakataka kuviuza ili wapate fedha. Walivipeleka Turin vikadiriwe thamani, na mwalimu Alberto Gentili akagundua kwamba lilikuwa ni hazina ya miswada ya Vivaldi, kwa mkono wake mwenyewe kwa sehemu kubwa, ambayo dunia haikujua kwamba ipo. Nusu nyingine ilikuwa mikononi mwa familia moja ya Genova. Maktaba ya Turin haikuwa na fedha za kununua. Walionunua ni baba wawili waliofiwa, Roberto Foà na Filippo Giordano, kila mmoja kwa kumbukumbu ya mtoto wake mdogo, na hadi leo mikusanyo hiyo inaitwa kwa majina ya Mauro na Renzo. Ile "Utukufu" ya Vivaldi ambayo kila kwaya ya dunia inaitamani ilisikika tena Siena mwezi Septemba 1939, ikiongozwa na Alfredo Casella. Karibu karne mbili ililala kimya katika nyumba za watu na shule ya watawa. Walioiamsha ni walimu wa muziki na wazazi wenye msiba. Sisi wenye Misa kila siku tulikuwa tunatafuta mnunuzi.

Mfano wa kinyume upo, nao ndio unaonipa ujasiri. Domenico Zipoli, Mtaliano wa Prato aliyezaliwa mwaka 1688, alikuwa mpiga kinanda katika kanisa la Gesù, Roma, akaacha heshima hiyo, akaingia Shirika la Yesu, akavuka bahari mwaka 1717 kwenda Amerika ya Kusini, akafa Córdoba mwaka 1726 kabla ya kupewa upadre kwa kuwa hakukuwa na askofu wa kumweka mikono. Muziki wake ulisafiri mbali kuliko yeye. Misa yake moja ilionekana mwaka 1959 huko Sucre, Bolivia, katika nakala iliyoandikwa Potosí mwaka 1784, takribani miaka 60 baada ya kifo chake. Katika misheni za Chiquitos, mashariki mwa Bolivia, ambako Padre Martin Schmid wa Uswisi alijenga makanisa na kufundisha kutengeneza fidla na vinanda, Wajesuiti walifukuzwa kwa amri ya mfalme wa Hispania ya mwaka 1767. Walimu wakaondoka. Wenyeji waliendelea kuimba na kunakili. Mwaka 1972 Mswisi Hans Roth alipokwenda kuyakarabati makanisa yale, alikuta maelfu ya kurasa za muziki, zimeliwa na wadudu, zimechakaa kwa kushikwa, lakini zipo.

Sisemi kwamba misheni zile zilikuwa paradiso. Zilikuwa za zama za ukoloni na zilibeba mizigo ya zama hizo. Nasema tu kwamba karatasi zile hazikutunzwa na mtu aliyependa mtindo. Zilitunzwa kwa sababu Jumapili ijayo zingehitajika. Ulaya penye maktaba Vivaldi alipotea, na msituni pasipo na maktaba Zipoli akabaki. Leo vikundi vya ala za kale vimekwenda kurekodi muziki huo, Gabriel Garrido mzaliwa wa Argentina akiwa miongoni mwa waliotangulia, na Florilegium ya Uingereza ikirekodi pamoja na waimbaji wa Bolivia wenyewe. Naye Padre Piotr Nawrot, Mmisionari wa Neno la Mungu kutoka Poland, ametumia miaka mingi kuzichapisha kurasa hizo. Rekodi hizi nazipenda kuliko zote nilizo nazo. Hata hivyo naomba mtu asiniambie kwamba uhalisi wa Chiquitos umo katika upinde wa fidla.

Basi turudi kwenye vipaza sauti vya kanisa letu. Maagizo ya Kiti Kitakatifu ya tarehe 3 Septemba 1958 yalikataza kabisa gramofoni, redio na kanda za sauti katika ibada. Mengi katika maagizo yale yamepitwa na mageuzi ya liturujia. Sababu ya katazo hilo haijapitwa. Anayeimba katika Misa anatoa kitu: pumzi yake, muda wake wa mazoezi, aibu yake anapokosea. Sauti ya santuri ilitolewa siku nyingi zilizopita, mbele ya kipaza sauti, pengine usiku ili magari yasisikike, kipande hiki kikirudiwa mara nane na kushonwa na kile hadi kisionekane mshono. Haimtolei Mungu kitu chochote leo. Mkimzika mama yenu kwa santuri, mmemzika bila mtu wa kumwimbia, hata kama waimbaji ni bora kuliko wote duniani. Mkimwimbia wenyewe, kwa sauti zilizokauka kwa kulia, ndugu zangu, hiyo ndiyo namna ya kale kuliko zote.

Tena, Maelekezo juu ya Muziki Mtakatifu ya mwaka 1967 hayaafiki kwaya kuchukua nyimbo zote za Misa na kuwafungia nje waamini kabisa. Ikiwa kwaya hai iliyo mbele yetu hairuhusiwi kutunyamazisha, itakuwaje mashine? Maelekezo hayohayo yanasema nyimbo za hazina ya kale zisizofaa tena ndani ya liturujia ziwekwe katika ibada nyingine, hasa ibada za Neno. Na barua ya Idara ya Ibada ya tarehe 5 Novemba 1987 inaruhusu muziki mtakatifu kuimbwa kanisani nje ya liturujia, mradi kiingilio kiwe bure, waimbaji wasikalie patakatifu, na heshima ya Sakramenti Kuu ilindwe. Kanisa halijaufungia muziki huu mlango, na nyumbani kwako hakuna anayekuzuia. Mimi mwenyewe katika Kwaresima huusikiliza usiku, taa zikiwa zimezimwa, na umenisaidia kusali mara nyingi kuliko baadhi ya hotuba zangu.

Kwa hiyo santuri tatu nilizoletewa hazitarudishwa kwa wenyewe mara moja. Ziko ofisini kwa katekista. Alhamisi hii, baada ya Masifu ya Jioni, tutazisikiliza ukumbini, bila kiingilio, na kati ya "Utukufu" na "Nasadiki" tutaizima mashine na kusoma Waraka na Injili ya Jumapili, ili tuone nafasi ilivyokuwa kubwa. Mazoezi ya kwaya ni Jumanne na Ijumaa saa kumi na moja jioni. Wale walioniletea hoja hii wana sauti nzuri, wawili kati yao ni sauti ya tatu kamili, na majina yao nimekwisha kumpa mwalimu wa kwaya.

Wenu katika Kristo,
Paroko